Hasira Iliyopotea Kati ya Matete na Voi

Jairus Lusweti,
Sokoni Matete,
Kaunti ya Kakamega.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Chaji Njiani,
Nairobi.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: HASIRA YANGU ILIYOPOTELEA VITUONI MWENU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ukiwa umeketi, maana ina mambo mazito. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikiita majina ya watu na kuhakikisha kila mwenye lalamiko analitoa kwa mpangilio, bila matusi wala machozi. Kwa hiyo usinichukulie kama mzee anayeokota maneno njiani. Nitakueleza jambo hili tangu shina lake, kisha nitakuomba unirudishie kilicho changu.

Nina binti aitwaye Beldina, kitinda mimba wangu, ambaye ni muuguzi huko Voi. Mwaka jana alituletea nyumbani kijana wa Kitaita, Mwadime. Tulimpokea vizuri. Mke wangu Dinah alichinja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, akasonga obusuma, ugali wa wimbi, tukanawa mikono. Sijui wewe ni mwenyeji wa wapi, Meneja, lakini kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Haiombwi, haigombaniwi, na hakuna haja ya kuitangaza. Kijana yule alinyoosha mkono kabla yangu, akaichukua, akaila. Aliitafuna huku akinitazama usoni na kunisifia mahindi yangu.

Sikusema neno, kwa sababu mwenye nyumba hamsuti mgeni mezani. Walipoondoka ndipo nilipomwambia Dinah kwamba harusi hiyo haitafungwa nikiwa hai.

"Haya," akasema, "tutakuangalia ukiwa hai," akaenda kuosha vyombo.

Wazee wa ukoo wakaja, wakakutana na wazee wa Kitaita, wakakubaliana yote mimi nikiwa chumbani nimelala na maumivu ya mgongo. Mgongo wenyewe haukuwa na neno. Nilikuwa najiwekea akiba. Nilijua kwamba kanisani mchungaji lazima aulize kama yupo mwenye pingamizi, nami nilikuwa nimeandaa pingamizi la hoja tatu. Ya kwanza ni firigisi. Ya pili ni kwamba Voi ni mbali mno, na mtoto anayeolewa mbali hivyo unamwona tena siku ya msiba tu. Ya tatu nilikuwa bado naitafuta, lakini sauti nilishaiandaa. Kila asubuhi niliingia katikati ya mahindi yangu nikayapigia hotuba hiyo, na hakuna bua lililonijibu.

Mpango wangu ulikuwa kusafiri kwa basi la usiku. Basi la usiku ni chombo kinachoheshimu hasira. Mtu hupanda nayo Kakamega jioni, hukaa nayo kitini bila kusemezwa na yeyote, na hushuka nayo asubuhi ikiwa bado ya moto. Lakini mwanangu wa kwanza, Sydney, anayefanya kazi Kakamega mjini, amenunua gari la umeme. Alikuja nalo Matete, akasema, "Baba, basi la nini na gari lipo? Nimeshapanga vituo vyote vya kuchaji mpaka Voi." Kabla sijajibu, Dinah alikuwa ameshapakia mkungu wa ndizi na majogoo wawili.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. MWENDO

Niliambiwa gari hili halipigi kelele, na ni kweli. Nisichoambiwa ni kwamba mwanangu angeliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Kwa maelezo yake, ukikimbia betri inaisha haraka, ukiwasha kipasha joto inaisha haraka, na ukibeba mzigo mzito inaisha haraka. Alinitazama alipotaja mzigo. Gunia la mahindi nililokuwa nimemwekea dada yake likateremshwa. Kabla ya kufika Webuye tulipitwa na trekta la miwa, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma.

Mtu aliyekasirika anahitaji mwendo, Meneja. Huwezi kwenda kuvunja harusi ukipungiwa mkono.

Ubaya zaidi ni kwamba kioo cha mbele ya dereva kinaonyesha asilimia ya chaji iliyobaki, na Dinah aliishika kazi ya kuisoma kwa sauti, kama anayetangaza namba za nyimbo kanisani. Kila nilipoanza kuipitia hoja yangu ya kwanza moyoni, nilisikia, "Hamsini na mbili!" Ilinibidi nianze upya. Tulipopita Eldoret nilikuwa sijavuka salamu kwa mchungaji.

2. MTOTO WA TIMBOROA

Kituo chenu cha Timboroa kiko juu kabisa, mahali penye baridi ya kuuma masikio. Sydney alichomeka waya, akasema tungoje. Kando ya mashine yenu mama mmoja anauza chai katika kibanda cha mabati. Jina lake ni Jerotich. Aliniona nikitembea huku na huko nikizungumza peke yangu.

"Mzee, unaenda wapi na uso kama huo?"

"Naenda kusimamisha harusi ya binti yangu," nikamwambia, kwa sauti niliyoizoea kortini.

"Aii!" akasema. "Basi nishikie huyu kwanza, maziwa yanafurika."

Akanitwika mtoto mchanga begani, akarudi mbio kwenye sufuria.

Nimesoma masharti yenu yote yaliyobandikwa pale. Mmekataza sigara, mmekataza moto, mmekataza kuosha magari. Hakuna mahali mlipokataza abiria kupewa watoto wachanga. Mtoto yule alikuwa analia. Nikampigapiga mgongoni, nikatembea naye kulizunguka gari, akanyamaza, akalala, akaniachia mate kwenye kola ya koti. Wewe kama umewahi kulea utakuwa unajua kwamba mtu hawezi kukasirika akiwa na mtoto aliyelala begani. Kifua chenyewe kinakataa. Ukipumua kwa nguvu anashtuka, kwa hiyo unalazimika kupumua polepole, na hasira haiwezi kuishi kwenye pumzi ya polepole.

Beldina naye alikuwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo. Hakulala kitandani, alilala begani kwangu. Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo kwa miaka, wala sikuwa nimekuja Timboroa kulikumbuka. Sydney alipokuja kusema gari liko tayari, nilijisikia nikimwambia angoje kidogo, mtoto ndio kwanza amepitiwa na usingizi.

3. MTU WA NAIVASHA

Nakiri kwamba tulipokuwa tukishuka kuelekea Nakuru hasira ilijaribu kurudi, lakini ikavurugwa na mashine. Gari letu likiteremka betri inaongezeka. Nimeishi miaka sabini na sijaona kitu kinachoshiba kwa kuteremka. Nilijikuta namuuliza Sydney maswali, naye akafurahi, tukazungumza baba na mwana mpaka Naivasha. Hilo nalo nalihesabu kuwa hasara.

Kituoni Naivasha palikuwa na bwana mnene akingoja gari lake lijae. Jina lake ni Lazarus. Alinikaribisha kwenye benchi, nikamweleza kisa changu chote, naye akaniunga mkono kwa kila neno. Nilifurahi sana. Nikajisemea kwamba sasa nimepata mtu mwenye akili. Akapiga paja lake, akasema, "Kijana anayekula firigisi ya mzee hana adabu."

"Kabisa," nikasema.

"Na huko Voi watamsahau hata jina la baba yake."

"Hilo ndilo nililolisema!"

"Na huyo binti yako, mzee mwenzangu, kwa kumpenda mtu kama huyo, ni mjinga tu."

Meneja, sijui niliinukaje. Nakumbuka nilikuwa nimesimama, kofia yangu iko chini, nikimwuliza yule bwana kama anajua binti yangu amewakeshea wagonjwa wangapi, na kama yeye na tumbo lake amewahi kumwokoa hata mbuzi. Msichana wenu wa kituo, Shiro, alikuja mbio akidhani tunagombania plagi. Dinah alinishika mkono, akanirudisha garini, akanipa ndizi. "Wewe unakasirikanga sana njaa ikikushika," akasema.

Haikuwa njaa. Hasira niliyoipakia Matete kwa ajili ya Mwadime niliimwaga yote Naivasha, juu ya mtu asiyehusika. Na mashine zenu, pamoja na sifa zake zote, hazina waya wa kunijaza tena.

4. MTITO ANDEI

Tulilala Athi River kwa dada yake Dinah, na asubuhi ya Ijumaa tukashika njia ya Mombasa. Hapo bado nilikuwa na hoja yangu ya pili. Nilikuwa nimeamua kutumia umbali peke yake, kwa sababu umbali hauhitaji kelele. Kila kilomita tuliyoipita ilikuwa shahidi wangu. Nyika ile haina mwisho. Niliitazama nikaona ninavyonyang'anywa mtoto, na nikanyamaza hata Dinah akaacha kusoma asilimia.

Tulifika kituo chenu cha Mtito Andei tukiwa na asilimia tisa. Kwenye mashine palikuwa na karatasi: "Samahani, imeharibika." Jua lilikuwa kali mpaka majogoo walikuwa wamefungua midomo. Mlinzi wenu alisema fundi ameitwa, lakini hakusema ameitwa lini.

Sydney akapiga simu. Nilidhani anawapigia nyinyi. Baadaye ikawa wazi kwamba alimpigia Mwadime, na kwamba tangu mwanzo ndiye aliyekaa naye kwenye simu wakipanga vituo, kwa sababu kijana huyo ni fundi wa stima. Kwa maneno mengine, Meneja, safari yangu ya kwenda kuvunja harusi ilipangwa na bwana harusi.

Alifika kutoka Voi kwa gari la rafiki yake. Aliposhuka, Dinah aliweka mkono mdomoni. Kichwa cha kijana kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu. Simu ilikuwa imemkuta kwa kinyozi, naye akainuka kwenye kiti akaja hivyo hivyo, siku moja kabla ya harusi yake, akiwa na nywele upande wa kulia na upara upande wa kushoto.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Poleni na jua," akasema, kama mtu mwenye kichwa kizima.

Shangazi yake ana gesti hapo Mtito. Sydney aliliendesha gari mpaka kwake taratibu kama lililobeba jeneza, Mwadime akapitisha waya mrefu dirishani, akauchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Stima ya ukutani inaingia kama maji ya bomba linalodondoka. Alisema itachukua karibu kutwa. Kwa hiyo nikakaa kutwa chini ya kibaraza na mtu niliyekuja kumpinga, hatuna pa kwenda wala cha kufanya.

Mwisho nikamwuliza moja kwa moja. "Kijana, siku ile kwangu, kwa nini ulikula firigisi?"

Alinitazama kwa mshangao. "Baba, nilikuwa naogopa," akasema. "Nyama ilikuwa nzuri na mimi ni mgeni. Nikaona aibu kuchukua kipande kikubwa. Nikachukua kile kidogo kuliko vyote."

Dinah alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi wa watu alitoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akashika ukuta.

"Kuna kingine, baba?" kijana akauliza. Yeye hakucheka.

Nikamwambia kwamba Voi ni mbali. Sikukusudia kulisema jinsi lilivyotoka. Lilipaswa kuwa hoja, likatoka kama mtu anayeumwa. Nilitarajia atabisha, aniambie siku hizi kuna simu, kuna treni, dunia ni kijiji. Hayo nilikuwa na majibu yake.

"Ni mbali kweli," akasema. "Nilipokuja kwenu nilidhani barabara haitaisha. Beldina analia anapoikumbuka nyumbani, na mimi sina dawa ya hilo."

Katika kazi yangu nimeona watu wengi wakipingwa na kushinda, Meneja. Asiyekanusha hupati pa kumshika.

Kisha ikabaki habari ya kichwa. Kinyozi wa Mtito alikuwa na mashine ya umeme, lakini soketi za mtaa wake hazikuwa na stima siku hiyo, na ile ya shangazi ilikuwa inaingia yote ndani ya gari letu. Kijana hangeweza kurudi kwa bibi harusi nusu. Wote walinitazama. Mimi ndiye niliyewanyoa wanangu tangu wadogo, kwa wembe na sabuni, na Dinah hawezi kuficha siri ya namna hiyo.

Nikamnyoa. Alikaa kwenye kigoda akainamisha shingo, mimi nimesimama nyuma yake na wembe mkononi. Kama kuna wakati nilipaswa kuwa na hasira ni huo, nayo nikaitafuta kwa uaminifu. Nilichokiona ni kovu dogo nyuma ya sikio, na shingo nyembamba ya mtoto wa watu iliyokuwa ikitetemeka kidogo. Nikamwambia atulie nisimkate. Akatulia. Nilikwenda polepole sana kuzunguka lile kovu.

5. KANISANI

Tulifika Voi jua likizama. Beldina alitoka mbio, akanikumbatia, kisha akakiona kichwa cha mwenzake. "Nani amekunyoa hivi?"

"Baba yako."

Binti yangu alinitazama, akakaa chini palepale uani na nguo yake safi, akalia. Ninyi mnaouza stima mnaweza kulipima hilo kwa yuniti ngapi?

Jumamosi mchungaji akauliza swali lake. Nikasimama. Sikuwa na kitu chochote cha kusema, nakuapia, lakini miguu ilikuwa imefanya mazoezi miezi mingi na haikupewa habari. Kanisa zima likageuka. Mwadime alifumba macho. Dinah akashika pindo la koti langu.

"Endeleeni," nikasema. "Nilikuwa nanyoosha goti."

Mimi, Jairus Lusweti, ambaye mahakimu walinyamaza nilipoita jina!

MAOMBI YANGU

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, mtoe agizo kwamba wafanyakazi wenu wasiwasalimie abiria wenye nyuso za kukunjana, na mabenchi yote yaondolewe. Pili, wauza chai wasogezwe mbali, na wenye watoto wachanga mbali zaidi. Tatu, kila kituo kiwe na foleni ya dharura kwa watu wanaokwenda kugombana, wachajiwe kabla ya wengine, na wapewe mashine ya kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Nne, nirudishiwe hasira yangu ikiwa na joto lilelile ililokuwa nalo Matete. Na kama hamuwezi, basi ng'oeni vituo vyote kuanzia Webuye hadi Voi, ili watu wenye mambo ya maana warudi kwenye mabasi ya usiku. Nchi haiwezi kusonga mbele ikiwa kila mwenye chuki atalazimishwa kukaa chini na kunywa chai.

Msalimie Shiro wa Naivasha na umwambie haikuwa plagi. Mlinzi wa Mtito naye mpe salamu zangu, na fundi wake, atakapopatikana. Msimsahau Jerotich, na hasa yule wa begani, ambaye sikuuliza jina lake. Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, pamoja na kasoro zake zote.

Ni mimi mlalamikaji wenu, ninayengoja majibu kwa utulivu nisioutaka,

Jairus Lusweti.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, Beldina akapiga simu. Mwadime naye amenunua gari la aina hiyo, na Desemba watakuja Matete. Likizo yao ni fupi mno, wanasema watalala usiku mmoja tu warudi. Sasa nina kipande cha ardhi kando ya barabara, hapa hapa langoni kwangu, na nguzo ya stima iko karibu. Nawapa bure mjenge kituo. Benchi nitatengeneza mwenyewe, na chai Dinah atapika. Ombi langu ni moja tu: mashine mtakayoleta, tafadhali, iwe ile ya polepole kuliko zote mlizonazo.